Uchoraji wa Kisasa na Kasi ya Taswira za Habari: Mfano wa Michael Armitage

Taswira ya habari haikai machoni. Picha ya maandamano huonekana kwenye simu, hufuatwa na tangazo la biashara, kisha na picha nyingine ya maandamano. Wingi huo hulizoesha jicho kupita bila kutazama. Makala haya yanafafanua namna uchoraji, sanaa ya polepole kwa asili yake, unavyoikabili hali hiyo katika kazi za Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984.

Katika kipindi cha uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017, Armitage alifuatana na wanahabari wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Aliyoyashuhudia yakawa chimbuko la michoro kadhaa. Kwa hiyo, msanii huyu haikwepi taswira ya habari, bali anaanzia humo. Kinachobadilika ni nyenzo na muda.

Badala ya turubai, Armitage hupaka rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha Waganda kinachotokana na gome la mti wa mutuba. Gome hubanduliwa wakati wa mvua, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao hadi litanuke na kulainika. Kitambaa hicho hubaki na matundu, makunyanzi na mishono. Mchoraji hulazimika kuyazingatia, na mtazamaji hukuta umbo limekatizwa na tundu; jicho lililozoea kuteleza hukwama.

Mchoro uitwao *The Fourth Estate* (2017), jina linalorejelea vyombo vya habari kama mhimili wa nne, unaonyesha watu waliokwea mti mkutanoni. Anayeutazama anawatazama watazamaji wenzake, na hivyo nafasi yake mwenyewe inahojiwa.

Hata hivyo, mbinu hii ina hatari yake. Uzuri wa rangi unaweza kuyageuza machungu ya raia kuwa pambo la ukutani. Aidha, picha ya habari ina uzito wa ushahidi ambao mchoro hauwezi kuudai: mtu fulani, mahali fulani, siku fulani. Thamani ya uchoraji huu, basi, haimo katika kushindana na habari kuhusu lililotokea. Imo katika kumrudishia mtazamaji muda wa kujiuliza alikuwa akitazama nini, na kwa nini aliwahi kupita.