Mstari Uliogawa Korea

Wakorea wote husema lugha moja. Mbona wana nchi mbili?

Mwaka 1945 Japani, iliyokuwa ikiwatawala, ilishindwa vita. Maofisa wawili wa Marekani wakachora mstari kwenye ramani, usiku mmoja tu! Urusi ikakubali. Wakorea wenyewe hawakuulizwa. Kaskazini ikawekwa serikali ya kikomunisti. Kusini ikaitwa ya demokrasia, ingawa tunajua wanajeshi walikuja kuitawala miaka mingi.

Mwaka 1950 Kaskazini iliivamia Kusini. Mapigano yalisimama mwaka 1953, lakini mkataba wa amani haujatiwa sahihi. Mama alibaki huku, mwanawe kule, na barua haipiti. Mwaka 2000 watu 100 wa kila upande walikutanishwa na jamaa zao kwa siku chache, wengi wakiwa wazee. Kisha wakatenganishwa tena.