La Garde-Freinet: Kijiji cha Ufaransa na Habari za Waislamu wa Farakhshinit

 

Mara kwa mara husikika katika mawaidha kwamba kusini mwa Ufaransa kuna kijiji chenye ngome iliyojengwa na Waislamu, nayo ingali imesimama juu ya jabali. Kijiji hicho ni cha kweli, na Waislamu waliwahi kukaa katika milima ile. Lakini ngome inayosifiwa si yao. Kwa kuwa habari hii husemwa juu ya mimbari, inafaa tuieleze kwa utaratibu, tupambanue lililothibiti na lisilothibiti.

Mahali penyewe

La Garde-Freinet ni kijiji katika jimbo la Var, kusini-mashariki mwa Ufaransa, chenye wakazi wasiofikia elfu mbili. Kimekaa kwenye mlango wa milima iitwayo Maures. Upande wa kaskazini njia hushuka kwenye uwanda, na upande wa kusini huelekea Grimaud na ghuba ya Saint-Tropez. Mwenye kukishika kijiji hiki ameishika njia inayounganisha bahari na bara.

Milima ile ni misitu mitupu. Iko miti izaayo njugu kubwa zinazochomwa na kuliwa wakati wa baridi, na iko aina ya mwaloni ambao gamba lake nene hukatwa vizibo vya chupa. Katika karne ya 19 wengi wa wenyeji waliishi kwa kazi ya vizibo. Misitu hiyo hushika moto upesi wakati wa kiangazi. Mwezi wa Agosti 2021 moto mkubwa uliteketeza maelfu ya hekta katika milima hiyo na watu wawili wakapoteza maisha.

Neno Freinet limetokana na Fraxinetum, jina la Kilatini la mahali penye mti uitwao fraxinus. Waarabu wa Andalus walilitamka Farakhshinit.

Waislamu walifikaje?

Habari ya kufika kwao imeandikwa na Liutprand wa Cremona, padri wa Italia aliyeishi karne ya 10. Anasema kuwa watu takriban ishirini kutoka Andalus walisukumwa na upepo hadi pwani ile, wakapanda mlimani, kisha wakawaita wenzao. Wanahistoria huliweka tukio hilo karibu na mwaka 887, sawa na 274 Hijria. Msomaji akumbuke kuwa Liutprand alikuwa hasimu, na maneno yake ni ya mtu mwenye chuki.

Kwa upande wetu, mwanajiografia Ibn Hawqal, naye ni wa karne hiyo hiyo, ametaja mahali aliposema ni Jabal al-Qilal katika nchi ya Wafaranki. Wanachuoni wengi wa historia wanaona kuwa ndipo hapa. Anaeleza kuwa palikuwa hapana watu, Waislamu wakapaimarisha, na pana maji na mashamba. Basi hawakuwa wezi wa njiani tu kama wanavyoandika wengine. Walikuwako walimaji na wafanyabiashara pia. Katika bahari ya Provence wapiga mbizi wamegundua merikebu zilizozama karne ya 10, na ndani yake mitungi na taa za Waislamu.

Ahadi ya Khalifa

Hapa ndipo penye mafunzo ya fikihi. Ibn Hayyan, mwanahistoria wa Cordoba, anasimulia kuwa mwaka 328 Hijria (940) Khalifa Abdurrahman wa Tatu alifunga mkataba wa amani na Hugo, mtawala wa Provence na Italia. Khalifa akawaandikia maamiri wa pwani wauheshimu. Miongoni mwa walioandikiwa alikuwa Nasr bin Ahmad, kiongozi wa Farakhshinit.

Je, watu wa milima ya mbali wanafungwa na ahadi ya Imamu wao? Mafakihi wanasema ndiyo. Suratul Maida, aya ya kwanza, imeamrisha kutimiza ahadi, na Suratul Anfal, aya ya 72, imeweka wazi kuwa hata kuwanusuru ndugu katika dini kuna mpaka pale penye mkataba.

Pamoja na hayo, katika miaka ya karne hiyo mahujaji wa Kikristo waliokuwa wakienda Roma waliuawa katika njia za milima ya Alps. Ikiwa waliofanya hivyo ni watu wa Farakhshinit, kama walivyoandika watu wa zama zile, basi kumwua msafiri asiyepigana hakuna hoja katika sheria, wala hatuwezi kukuita jihadi kwa kuwa tu mtendaji ni Muislamu. Mwaka 953 mfalme Otto wa Ujerumani alimpeleka mtawa Yohana wa Gorze mpaka Cordoba kwa ajili ya mashambulizi hayo.

Mateka na mkate

Mwaka 972 (361 Hijria) watu wa Farakhshinit walimteka Maiolus, mkuu wa watawa wa Cluny, naye akakombolewa kwa mali nyingi. Raoul Glaber, mtawa aliyeandika katika karne iliyofuata, anasimulia kuwa mateka huyo alishindwa kula nyama aliyopewa. Mmoja wa Waislamu akakunja mikono ya nguo, akanawa, akaisafisha ngao yake na kumkandia mkate juu yake. Mwingine alipokikanyaga kitabu cha dini cha mateka huyo, wenzake walimkemea. Haya ameyaandika mpinzani wala si mshabiki wetu. Nasi tunakumbuka Suratul Insan, aya ya 8, ilivyowasifu wanaowalisha mateka.

Hata hivyo kutekwa kwa mtu huyo kuliwaunganisha mabwana wa Provence. Karibu na mwaka 973 Guillaume wa Provence aliwashinda Waislamu, na makao yao yakaisha baada ya takriban miaka 85.

Magofu ni ya nani?

Juu ya kijiji yako magofu yenye handaki lililochongwa katika mwamba. Kwa muda mrefu wenyeji wenyewe waliyaita ngome ya Waislamu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipoyachunguza walikuta ni kijiji cha Wakristo cha karne ya 12 na 13, yaani takriban karne mbili baada ya Waislamu kuondoka. Vilevile husemwa kuwa Waislamu ndio waliowafundisha wenyeji kazi ya vizibo. Hilo nalo halina ushahidi.

Ndugu Imamu, Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuzifuata. Habari ya kutusifu inahitaji uhakika sawasawa na habari ya kututukana. Msikilizaji akigundua kesho kuwa ngome si yetu, atatilia shaka na yale ya kweli uliyomweleza: mashamba, mkataba na mkate wa mateka. Tuyaseme yaliyothibiti, mazuri na mabaya, na hayo yatutosha.

Wallahu a'lam.