Simu Inavyojua Mauzo ya Leo

Muulize mwenye maduka manne ya vipuri vya pikipiki, tuseme moja Kariakoo na mengine Mbagala, Tegeta na Kibaha, ameuza kiasi gani tangu asubuhi. Atapiga simu nne. Wa kwanza atamsomea daftari, wa pili atamwomba asubiri afunge hesabu, wa tatu atatuma picha za risiti kwa WhatsApp, na wa nne hapokei kwa sababu ana wateja. Jibu likikamilika ni saa nane mchana na limeshapitwa. Ajabu ni kwamba takwimu zenyewe zipo: kwenye mashine za risiti za EFD, kwenye taarifa za lipa namba, kwenye faili la Excel la mhasibu. Kinachokosekana ni njia ya kuziuliza.

Njia hiyo siku hizi inauzwa. Kuna vyombo vya kutengeneza programu za simu bila kuandika msimbo wowote: unapanga vitufe, unakionyesha chombo takwimu zako zilipo, na muda si mrefu kila meneja ana ukurasa wa mauzo mkononi. AppSheet ni kimojawapo. Google iliinunua Januari 2020, na mwezi uliofuata ikakamilisha ununuzi wa Looker, kampuni ya uchambuzi wa takwimu za biashara, kwa dola bilioni 2.6. Leo AppSheet inaweza kusoma moja kwa moja kutoka Looker. Wauzaji wa vyombo hivi wana neno wanalolipenda, "takwimu hai", na neno hilo limewagharimu wengi kwa sababu halielezi uhai huo unatoka wapi.

Unatoka mbali. Edgar Codd alizaliwa Uingereza mwaka 1923, akarusha ndege za kijeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, akasoma hisabati Oxford, kisha akavuka bahari kwenda kufanya kazi IBM. Mwaka 1970, akiwa katika maabara ya kampuni hiyo San Jose, California, alichapisha makala ya kurasa 11 iliyobadilisha namna dunia inavyotunza kumbukumbu. Kanzidata kubwa za wakati ule, kama IMS ya IBM iliyoanza kujengwa kwa ajili ya safari za Apollo kwenda mwezini, zilipanga habari kwa matawi, kila moja ikining'inia chini ya nyingine. Aliyetaka habari fulani aliandika programu ya kupita tawi hadi tawi mpaka aifikie. Mpangilio ukibadilishwa, programu yake ilikufa.

Codd alisema mtumiaji asibebeshwe mzigo huo. Habari zote ziwekwe kwenye majedwali ya mistari na safu, na hisabati ya seti ifanye kazi iliyobaki. Kabla yake, kuiuliza kanzidata kulikuwa kama kumwelekeza dereva wa bodaboda kona kwa kona. Yeye alitaka umtajie tu unakokwenda. Njia ataichagua mwenyewe. Namna mashine itakavyoichagua ilipata jibu zuri mwaka 1979, pale Patricia Selinger na wenzake wa IBM walipoonyesha jinsi ya kukadiria gharama ya kila njia kabla ya kuanza safari, kisha kufuata iliyo nafuu. IBM yenyewe ilijivuta kuuza wazo hilo, kwani IMS ilikuwa inaingiza fedha. Larry Ellison na wenzake hawakusubiri. Walisoma machapisho ya watafiti wa IBM, wakaanzisha kampuni yao mwaka 1977, na miaka miwili baadaye wakawa sokoni na bidhaa iliyoitwa Oracle. Codd alipata Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Katikati ya hayo, mwaka 1974, vijana wawili wa maabara ileile, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kuulizia majedwali ya Codd. Leo inaitwa SQL. Boyce alifariki mwaka huohuo, kabla hajaona ilikofika. Katika makala yao waliwataja watu waliowakusudia: wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo, wapangaji miji. Waandishi wa programu walikuwa na lugha zao tayari. Kwa hiyo nikisikia tangazo kwamba kumwezesha asiyejua msimbo ni mapinduzi ya miaka hii, hutabasamu. Ndiyo yaliyokuwa makusudio tangu mwanzo. Yamechelewa tu kufika dukani.

Unapogusa "Tawi", kisha "Jumla ya mauzo", kisha "Leo", chombo hakifanyi muujiza. Kinaandika sentensi ya SQL kwa niaba yako na kuituma kwenye kanzidata. Kujua hivyo tu kunakupa nguvu ya kumhoji fundi wako: takwimu hazikai ndani ya kitufe, kitufe ni swali.

Swali hilo linajibiwa kwa sekunde chache hata mauzo yakiwa ya miaka kumi, na hapo kuna ugunduzi wa pili. Kanzidata ya kawaida huandika mstari mzima pamoja: tarehe, tawi, bidhaa, muuzaji, kiasi, namba ya risiti, na kadhalika. Kwa mhudumu wa kaunta hilo ni sawa kabisa, maana anashughulika na mauzo ya mteja mmoja kwa wakati mmoja. Anayetaka jumla ya mwaka hapati faida hiyo. Jedwali likiwa na safu 50 na swali lake likihitaji safu tatu tu, mashine inabeba zote 50 ili itumie tatu. Miaka ya 1980 watafiti walikuwa tayari wakiuliza kwa nini kila safu isihifadhiwe peke yake. Taasisi ya CWI ya Amsterdam ikajenga MonetDB kwa msingi huo, Michael Stonebraker na wenzake wakatoa C-Store mwaka 2005, na mwaka 2010 watafiti wa Google wakaeleza mfumo wao wa Dremel, ambao ndio injini ya huduma inayoitwa BigQuery. Safu zikiwa na upana sawa, swali la safu tatu linasoma asilimia 6 tu ya jedwali. Kisha kuna nyongeza: safu ya "Tawi" imejaa neno Kariakoo mara elfu kadhaa mfululizo, na mashine inaweza kuliandika mara moja, ikaweka idadi pembeni.

Hapo ndipo "hai" inapoanza kuwa na bei. BigQuery, kwa mpango wake wa kulipa kadiri unavyotumia, hutoza kwa wingi wa data uliyosoma, na swali dogo kuliko yote huhesabiwa kuwa limesoma megabaiti 10 kwa kila jedwali lililogusa. Terabaiti ya kwanza ya kila mwezi ni bure. Inaonekana nyingi mno kwa maduka manne. Sasa tuseme una watumishi 40, kila mmoja na simu, na programu inauliza upya kila dakika moja kwa saa 10 za kazi. Hayo ni maswali 24,000 kwa siku, yaani takriban gigabaiti 240. Siku ya tano ya mwezi umeshaanza kulipa, ili simu ya mtu aliyekwenda kula iwe na takwimu za dakika iliyopita.

Ndiyo maana vyombo vingi huweka nakala ya jibu na kuwagawia wote hiyohiyo kwa muda fulani. Ni busara, ila inaleta jambo lingine: namba unayoiona ina umri, na umri huo unajijenga kwa hatua. Mauzo yametoka kaunta na kufika kwenye kanzidata ya uchambuzi, labda kila saa, labda usiku tu. Kutoka hapo yameingia kwenye nakala ya chombo. Kutoka kwenye nakala yamefika kwenye simu, kama kuna mtandao. Hatua ya kwanza ikiwa ni ya usiku, hakuna kitufe kitakachokupa mauzo ya leo, hata ukikibonyeza kwa hasira. Mwenye biashara aanze kuuliza huko mwanzo, kisha adai skrini ionyeshe saa ya mauzo ya mwisho yaliyofika, maana saa ya kufunguliwa ukurasa haimwambii kitu. Akijua uamuzi gani anaufanya kwa namba hiyo, umri unaofaa utajulikana wenyewe. Kuagiza mzigo Guangzhou hakuhitaji takwimu za dakika. Kuhamisha matairi kutoka Kibaha kwenda Mbagala kabla duka halijaishiwa, pengine kunahitaji za saa moja.

Tatizo ambalo kasi haiwezi kulitibu ni maana. "Mauzo" ni nini? Risiti ya shilingi 118,000 ina VAT ya 18,000 ndani yake. Mhasibu anahesabu 100,000, meneja wa tawi anajisifia 118,000. Je, kilichorudishwa kimetolewa? Na aliyekopeshwa? Lloyd Tabb na wenzake walioanzisha Looker waliliona hili, wakatengeneza lugha ambayo maana ya kila kipimo huandikwa mara moja, mahali pamoja, na kila programu inayouliza hupewa maana hiyohiyo. Kwangu hiki ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote katika muunganiko wa AppSheet na Looker, kuliko hata uhai wa takwimu. Maduka yanayogombana kila Jumatatu kuhusu namba hayagombani kwa sababu ya intaneti.

Jingine nipite haraka: upande wa uchambuzi ni wa kusoma. Meneja akitaka kurekebisha bei iliyokosewa, programu impeleke kwenye kanzidata ya kaunta, marekebisho yashuke kutoka huko. Akirekebisha nakala, kesho asubuhi kosa litarudi.

La mwisho ni ulinzi, na hapa wengi huumia bila kujua. AppSheet, ili ifanye kazi hata mtandao ukikatika, hushusha data na kuihifadhi ndani ya simu. Fundi anaweza kuficha mistari ya matawi mengine isionekane kwenye skrini, na kila mtu akaridhika. Lakini kilichofichwa tu kimeshashuka, kimo ndani ya simu. Kichujio cha usalama ni kitu tofauti: huzuia mistari hiyo isiondoke kwenye seva kabisa. Kama kwenye jedwali kuna majina na namba za simu za wateja, suala si la ufundi peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote mbili zinamwangalia anayekusanya taarifa, hata kama programu alitengenezewa na mpwa wake kwa wikiendi moja.

Kwa hiyo fundi akikukabidhi kazi, usiipokee kwa kutazama simu yako, maana wewe unaruhusiwa kuona vyote. Chukua ya kijana wa kaunta wa tawi moja. Mwambie fundi akuonyeshe ni mistari gani imeshuka ndani yake, na kichujio kimeandikwa wapi. Akikuonyesha mauzo ya tawi jingine, au akianza kukueleza kwamba hayaonekani kwenye skrini, usimalizie malipo.