INTANETI YA VITU: MAANA NA ISTILAHI ZAKE

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri na walimu siku hizi ni ile iitwayo Intaneti ya Vitu. Jina lake la Kiingereza lilibuniwa mwaka 1999 na Mwingereza Kevin Ashton, alipokuwa akieleza jinsi bidhaa zilizobandikwa alama za redio zinavyoweza kutambuliwa na kompyuta bila ya mtu kuziandika. Katika makala haya tunakusudia kueleza maana ya dhana hiyo, kisha tuzipime istilahi zake.

Kwa ufupi, Intaneti ya Vitu ni mpango ambamo vitu vya kawaida, kama vile mita, pampu, taa au kontena, hupewa uwezo wa kupima hali fulani, kupeleka taarifa mtandaoni, na pengine kupokea amri na kuitekeleza. Intaneti tuliyoizoea huunganisha watu kwa njia ya kompyuta na simu. Hii huunganisha vitu, na mara nyingi hakuna mtu anayeandika wala kusoma chochote katikati.

Tuchukue mfano wa Karema, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo chao hapo karibu na ufuko. Katika miaka iliyofuata, maji yalipotoka kwa wingi kupitia Mto Lukuga upande wa Kongo, ziwa lilishuka kwa kadiri ya mita 10, na kituo kikaachwa mbali na maji. Kuanzia mwaka 2020 mambo yaligeuka: Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika makazi na bandari kadhaa za mwambao wake. Kwa mahali kama Karema, penye bandari mpya inayotazamana na Kalemie, kujua kina cha maji ni jambo la lazima.

Kina hicho chaweza kupimwa kwa ubao wenye alama, na karani akaandika daftarini kila asubuhi. Lakini tuseme pamewekwa kifaa kinachopima maji kila saa na kupeleka tarakimu kwa njia ya simu hadi ofisini Mpanda, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kifaa hicho kina sehemu tatu: ile inayopima, ile inayopeleka habari, na chanzo cha nguvu, labda paneli ya jua. Kikiongezewa uwezo wa kuwasha taa ya hadhari gatini, sehemu ya nne imepatikana, yaani ile inayotenda.

Msomaji aweza kuuliza: je, mita za LUKU, zilizoanza kutumika nchini katika miaka ya 1990, si za aina hiyo? Kwa kawaida sivyo. Mteja hupewa tarakimu 20 naye huziingiza kwa mkono wake. Mita haizungumzi na ofisi. Mjumbe ni mteja mwenyewe. Lakini baadhi ya mitambo ya umeme wa jua inayouzwa kwa mkopo ina laini ya simu ndani yake. Mnunuzi akilipa, mtambo hupokea amri na kuwaka. Akichelewa, huzimwa kutoka mbali.

Hapa ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Mkataba ukisema tu kwamba mtambo huo ni "kifaa janja", mnunuzi atadhani amesifiwa bidhaa. Hataelewa kwamba kifaa kilichomo nyumbani mwake kinapeleka habari zake na kinaweza kuzimwa na mtu asiyemwona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwananchi, lakini atadaije haki ambayo jina la kitu limemficha?

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, Intaneti ya Vitu ipendelewe kuliko "mtandao wa vitu", kwani neno mtandao lina maana nyingi, tangu wa simu hadi wa barabara. Pili, pasitumike "vyombo" badala ya "vitu", maana kwa watu wa mwambao chombo ni mashua kwanza. Tatu, katika sheria na mikataba kiandikwe "kifaa kilichounganishwa na intaneti", ijapokuwa ni kirefu. "Kiunganishi" hakifai, kwa sababu ni istilahi ya sarufi, na tena humaanisha kinachounganisha, si kilichounganishwa. Nne, sehemu inayopima iitwe "kihisi", na ile inayotekeleza amri iitwe "kitendaji". Maneno yote mawili yamefuata kanuni ya kuunda majina ya vifaa kutokana na vitenzi, na mwanafunzi hatashindwa kukisia maana.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Maneno haya basi yatasomwa na mahakimu, na hukumu zitayategemea. Tungependa wafasiri na walimu wayajaribu katika kazi zao na kutueleza ni yapi yamekubalika vinywani mwa watu, kwani istilahi isiyosemwa na wenye lugha haina maisha.