Mgori: Msomi wa ardhi na msitu wa wanakijiji

MFUGANYUKI wa Mgori, wilayani Singida, ana hesabu yake fupi: mti ukianguka, mzinga nao umekwenda. Hadi katikati ya miaka ya 1990 msitu huo wa miombo, wenye takriban hekta 40,000, ulikuwa ukiliwa na moto, mashamba ya kuhamahama na ujangili.

Dawa iliyozoeleka ilikuwa moja, kuupima na kuufanya hifadhi ya serikali. Fedha za walinzi na mafuta ya gari zingetoka wapi, hilo halikuwa na jibu.

Mmoja wa waliosukuma njia nyingine ni Dk. Liz Alden Wily. Safari yake haikuanzia msituni. Miaka ya 1970 alifundisha jamii ya San nchini Botswana, watu waliokuwa wakipokonywa ardhi na wenye mifugo mingi. Baadaye akachukua shahada ya uzamivu katika umilikaji wa ardhi. Alipokuja Tanzania akiwa mtaalamu mshauri, suala kwake halikuwa idadi ya miti, bali msitu ni wa nani.

Wilayani Babati, vijiji vya Duru-Haitemba vilikuwa vimeshakataa misitu yao kuchukuliwa. Vikaruhusiwa kuitunza vyenyewe. Mwaka 1995 vijiji vitano vya Mgori vikafuata, kwa msaada wa Sweden. Kila kijiji kilishika eneo lake, kikaunda kamati, sheria ndogo na walinzi wake.

Walinzi hao hawakuwa na mshahara, na hapo ndipo penye ugumu ambao wasifiaji wa mpango hupita haraka. Anayezunguka porini wakati wa palizi anapoteza mtama wake. Kumsamehe msaragambo au kumgawia faini si hisani, ni gharama halali ya msitu.

Uzoefu huo uliingia katika Sera ya Misitu ya 1998, kisha Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Kwa sheria hiyo kijiji kinaweza kutenga msitu ulio kwenye ardhi yake kuwa hifadhi ya kijiji na kubaki na mapato ya mazao yake. Mfanyabiashara wa mbao au mkaa hawezi tena kuiruka ofisi ya kijiji.

Kijiji ambacho hakijaanza kinaanzia mkutano mkuu wa kijiji, kisha mipaka na majirani, mpango wa usimamizi, na sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mipaka ndiyo hula muda.