Koili Haijui Ngozi ya Mtu

Mwanafunzi wa sekondari, awe Kericho au Bomet nchini Kenya, aliyefundishwa kengele ya umeme katika somo la fizikia, amekwisha kuielewa nusu ya mashine ya tatuu ya koili. Umeme unapita katika waya wa shaba uliozungushwa kwenye vyuma viwili. Vyuma vinageuka sumaku. Sumaku inauvuta ulimi wa chuma ulio juu yake, na sindano iliyoshikizwa kwenye ulimi huo inashuka. Lakini ulimi ukishuka, springi ya mbele inaachana na skrubu, njia ya umeme inakatika, sumaku inakufa, na springi ya nyuma inaurudisha ulimi juu. Springi inaigusa skrubu tena na safari inaanza upya, mara 80, mara 100 na zaidi kwa sekunde moja. Mlio ule kama wa nyuki ni kugusana na kuachana huko. Nusu ya pili ni urekebishaji, na hoja yangu ni kwamba urekebishaji ni suala la usalama wa ngozi kabla ya kuwa suala la ufundi wa chuma.

Tazama kinachorekebishwa. Ulimi ukibonyezwa hadi chini, hubaki mwanya kati ya springi ya mbele na skrubu: kwa kawaida kama milimita 1.5 kwa mashine ya kuchora mistari, na karibu milimita 2 kwa ile ya kujaza vivuli. Ukiikaza skrubu mwanya unapungua, pigo linakuwa fupi na la haraka; ukiilegeza, sindano inasafiri mbali zaidi na kupiga polepole. Springi ya nyuma ikiwa ngumu mno, sumaku inahangaika kuuvuta ulimi; ikiwa laini mno, ulimi unachelewa kurudi. Kisha kuna kapasita, ambayo kazi yake ni kumeza cheche. Ikifa, cheche zinaila ncha ya skrubu na mlio unakuwa wa kukwaruza. Kila kimoja kinamgusa mwenzake, ndiyo sababu fundi hodari hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha akasikiliza.

Sasa njoo kwenye ngozi. Wino wa tatuu hukaa katika ngozi ya ndani, kama milimita 1 hadi 2 chini, kwa sababu tabaka la juu hupukutika na kujifanya upya kila baada ya wiki chache. Mashine inayopiga kwa unyonge haiingizi wino vizuri, na mchoraji hurudia pale pale mpaka ngozi ichubuke. Inayopiga kwa ukali hupitiliza. Wino unatapakaa chini na mstari unavimba. Kwa watu weusi hatari ni kubwa zaidi, maana ngozi yetu ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mpaka wa kidonda. Hapa ndipo kosa baya huzaliwa. Mchoraji anaona wino haung'ai, anadhani haujafika, anaongeza volti. Kumbe weusi wa ngozi uko katika tabaka la juu, na wino umelala chini yake. Unaonekana kama kitu kilicho nyuma ya kioo cha rangi. Nguvu haiondoi kioo hicho. Waliotangulia katika nchi hii walilijua jambo la ngozi kwa njia yao: ndewe ndefu za wazee wa Kipsigis zilipanuliwa kidogo kidogo, kwa vipande vinavyozidi kuwa vinene, si kwa siku moja.

Wapo watakaosema kwamba mkono ndio mchoraji, na mashine ni chombo tu. Ni kweli, lakini mkono husikia kupitia chombo. Mvunaji wa chai anayetumia mashine anajua kwamba wembe ukishushwa mno hukata majani makuu na vijiti pamoja na machipukizi, hata kama mshikaji ana miaka ishirini kazini. Wengine watasema koili imepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kuna mashine za mota zisizo na kelele. Historia inashangaza hapa: mashine aliyoisajili Samuel O'Reilly huko New York mwaka 1891 ilitokana na kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya mwaka 1876, iliyoendeshwa kwa mota. Mota si mgeni katika kazi hii. Nayo pia ina volti na urefu wa pigo wa kuchagua, kwa hiyo swali la ngozi halikimbiliki kwa kubadilisha chombo.

Pingamizi lililo zito ni kwamba mashine hutoka kiwandani ikiwa imeshawekwa sawa. Kiwanda, hata hivyo, hakijui itafungwa sindano ngapi, wala itachora bega gumu au upande wa ndani wa mkono, na springi huchoka kwa kupinda mamilioni ya mara. Isitoshe, mashine hii hula volti 7 hadi 9 hivi, zinazopunguzwa kutoka 240 za ukutani. Katika milima ya chai, ambako ngurumo na mvua ya mawe ni za kawaida, umeme ukiyumba na kifaa cha kupunguzia kikawa duni, pigo lililorekebishwa asubuhi silo litakaloingia kwenye ngozi ya mteja jioni.