Kisanduku kipya cha filamu: piga hesabu kwanza

Mazao yakishauzwa, vishawishi vya dukani huwa vingi. Kimojawapo ni kisanduku kipya cha kutazamia filamu za intaneti kwenye televisheni, kwa picha za 4K. Mkulima aangalie kwanza televisheni yake: kama si ya 4K, hataiona picha hiyo.

Gharama haiishii kwenye bei ya kisanduku. Kwa maelezo ya Netflix, saa moja ya picha za HD hula hadi gigabaiti 3. Za 4K, hadi 7. Familia inayotazama saa mbili kila siku itafikisha gigabaiti 180 kwa mwezi, au 420. Bando hilo hulipiwa hata miezi isiyo na mavuno.

Kisanduku cha zamani kikishindwa kufungua programu, kibadilishe. Kama bado kinafanya kazi, fedha hiyo inunue mbolea.